Mabel Fairbanks: Aliyefungiwa mlango wa barafu akawa mwalimu wa mabingwa

Na Mwandishi Wetu, Discovery Gardens, Dubai

Kila Jumamosi asubuhi, wazazi wachache kutoka Afrika Mashariki tunaoishi hapa Discovery Gardens hukutana kituo cha metro na watoto wetu. Nje joto limeshapanda, lakini kila mtoto ana mfuko wenye soksi nzito, glavu na sweta. Safari yetu ni ya kwenda Dubai Mall, kwenye uwanja wa barafu, ambako watoto hao wamo katika darasa la pamoja la wanaoanza kujifunza kuteleza.

Darasa lenyewe halina makuu. Somo la kwanza si kuteleza bali ni kuanguka. Mtoto hufundishwa kukunja magoti, kuangukia ubavu, na kufumba ngumi ili vidole visipitiwe na chuma cha kiatu cha mwenzake. Kisha hupiga magoti, huweka mguu mmoja mbele na kuinuka. Akishaweza hayo hutembea kama bata, halafu huteleza kwa miguu miwili, halafu kwa mguu mmoja. Mwisho hufundishwa kusimama kwa kusukuma chuma kiubavu mpaka barafu ikwanguke. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pale uwanjani asiyetaka kuinama huinamishwa na barafu yenyewe.

Wiki chache zilizopita alitusindikiza mzee mmoja, mwenyeji wa Tanga, aliyekuja kumtembelea mwanawe mtaani kwetu. Alisimama nasi kwenye ukuta wa kioo, akawatazama wajukuu wakianguka na kuinuka, kisha akauliza mambo haya ya Wazungu yanatuhusu nini sisi. Watoto wa watu wa minazi na jua watafanya nini na barafu? Baadhi ya wazazi walicheka, wengine wakaitikia kwa kichwa. Nami nilinyamaza, kwa kuwa mkubwa hajibiwi papo kwa papo mbele ya watu.

Makala haya ndiyo jibu langu kwa mzee wetu, na jibu lenyewe ni maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo ni hayati Mabel Fairbanks, mwanamke mweusi wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 2001. Darasa kama hilo la watoto wetu yeye hakulipata. Alichokipata alikiokota pembeni, kwa kusikiliza somo la wengine.

YATIMA KUTOKA NCHI YA JOTO

Mabel Fairbanks alizaliwa tarehe 14 Novemba 1915 katika jimbo la Florida, kusini kabisa mwa Marekani. Florida ni nchi ya vinamasi, michungwa na mvua za joto, na mtoto wa huko anaweza kukua mpaka mtu mzima bila kuona maji yaliyoganda nje ya nyumba. Kwa maelezo yake mwenyewe, baba yake alikuwa mtu mweusi na mama yake alikuwa na damu ya Waseminole, ambao ni wenyeji wa asili wa eneo lile. Kwa hiyo anayedhani kwamba barafu ni haki ya waliozaliwa kwenye baridi, na aanze kufikiria upya hapo.

Mabel alipoteza wazazi akiwa bado mtoto mdogo. Kama ilivyokuwa kwa watu weusi wengi wa kusini nyakati zile, njia yake ilielekea kaskazini, akaenda New York alikokuwa kaka yake. Maisha ya kukaa kwa ndugu hayakumwendea vizuri. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja mwenye uwezo alimkuta amelala kwenye benchi la bustani, akamchukua kumlelea mtoto nyumbani kwake. Nyumba hiyo ilitazamana na bustani kubwa ya Central Park.

Ni kutoka huko alikoona watu wakiteleza kwenye barafu ya bustani. Aliona watoto wakizunguka, wakirudi kinyumenyume, wakiinua mguu mmoja na kubaki wamesimama kana kwamba wamefungwa kamba isiyoonekana. Akatamani. Akaenda kununua viatu vya kuteleza vilivyokwisha kutumika, vikubwa kwake kwa saizi mbili, akavijaza pamba ndani ili miguu isicheze.

Hapa inafaa kumweleza msomaji asiyewahi kuvaa viatu hivyo. Chuma kilicho chini ya kiatu si bapa kama kisu. Kimechimbwa kidogo katikati kwa urefu wake wote, hivyo kina makali mawili, la ndani na la nje. Mbele kina meno madogo. Ufundi wote wa mchezo huu uko katika kujua umesimama juu ya kali lipi na kwa wakati gani. Kiatu kikicheza mguuni, kali nalo hucheza, na anayeteleza huanguka. Kujifunzia kwenye viatu vya saizi mbili zaidi ni kama kujifunza kuandika kwa kalamu iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo.

Mabel alijifunza hivyo hivyo. Walimu walipokuwa wakiwafundisha watoto wa wenye fedha, yeye alijisogeza karibu, akasikiliza, kisha akaenda pembeni kufanya alichosikia. Aliyelipiwa alisahihishwa na mwalimu, Mabel alisahihishwa na kuanguka kwake.

MLANGONI

Miaka hiyo dunia nzima ilikuwa imeshikwa na jina moja, Sonja Henie wa Norway. Binti huyo alitwaa dhahabu tatu za Olimpiki, mwaka 1928, 1932 na 1936, pamoja na ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo. Baada ya hapo aliingia katika sinema za Hollywood, na filamu yake ya kwanza huko ilitoka mwaka 1936. Mabel aliiona, na moto uliokuwa ndani yake ukazidi kuwaka.

Lakini bustani haina barafu mwaka mzima. Anayetaka kuwa mtelezaji wa kweli anahitaji uwanja wa ndani, wenye mabomba ya ubaridi chini ya sakafu, kama huu wetu wa Dubai. New York haikuwa na sheria za ubaguzi kama za majimbo ya kusini, ila desturi ilitosha. Mabel alipofika dirisha la tiketi na fedha yake mkononi, alikataliwa kwa sababu ya rangi yake.

Alirudi. Akakataliwa tena, akarudi tena. Hatimaye meneja wa uwanja alichoka au aliona haya, akaagiza aachwe aingie. Huo ndio ulikuwa ushindi wake wa kwanza, na hakuna medali inayotolewa kwa ushindi wa namna hiyo.

Ndani alimkuta mtu wa kumsaidia. Maribel Vinson alikuwa bingwa wa wanawake wa Marekani mara 9, na alishinda medali ya shaba katika Olimpiki ya mwaka 1932. Kwa sisi wa kazi ya habari jina lake lina uzito mwingine pia, kwani aliandika habari za michezo katika gazeti la New York Times wakati ambapo wanawake hawakuonekana katika chumba hicho. Vinson alimpa Mabel maelekezo ya ufundi. Mwalimu mwingine mashuhuri, Howard Nicholson, naye alimsaidia.

Ufundi ukakua, lakini mlango mwingine ulikuwa bado umefungwa, na huo ulikuwa mzito kuliko ule wa tiketi. Ili kushindana katika mashindano ya taifa nchini Marekani ilikuwa lazima uwe mwanachama wa klabu inayotambuliwa na chama cha mchezo, na lazima upite mitihani inayosimamiwa kwa kupitia klabu hizo. Katika mitihani hiyo mtelezaji alitakiwa kuchora juu ya barafu, kwa chuma cha kiatu, maumbo kama namba 8, akirudia mstari ule ule mara kadhaa huku waamuzi wakiinama kuukagua. Klabu hazikupokea watu weusi. Bila klabu hakuna mtihani, bila mtihani hakuna mashindano, na bila mashindano hakuna Olimpiki. Hakuna aliyehitaji kuandika popote kwamba mtu mweusi haruhusiwi. Ilitosha kumwambia alete cheti ambacho kila mtu alijua hawezi kukipata.

Ndugu msomaji, wengi wetu tulioko nje ya nchi zetu tunaufahamu mtindo huo. Hukatazwi, unaambiwa tu karatasi moja imepungua.

Hivyo katika miaka ambayo mwili wake ulikuwa na nguvu za kushindana, Mabel Fairbanks hakuruhusiwa kushindana hata mara moja. Hatutajua kamwe angefika wapi.

UWANJA WA FUTI SITA

Alipoona viwanja vikubwa havimtaki alitengenezewa cha kwake. Mjomba wake alimjengea kiuwanja cha barafu cha kuhamishika, futi 6 kwa futi 6. Hebu pima mwenyewe sebuleni kwako: ni kama mita 1.8 kila upande. Katika eneo hilo alifanya mazoezi ya kuzunguka, na kiuwanja hicho kilimwezesha pia kuonyesha ufundi wake mbele ya watu. Watu wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York, wakamjua kwa maonyesho yake.

Katika miaka ya 1940 alihamia Los Angeles, upande wa magharibi, akitafuta nafasi zaidi. Makampuni makubwa ya maonyesho ya barafu yaliyokuwa yakizunguka Marekani yalimwona, lakini yalimweleza wazi kuwa hayachukui watu weusi. Nje ya mipaka hali ilikuwa tofauti, kwani alipata kuteleza katika maonyesho hadi Mexico na kushangiliwa. Jambo hilo sisi tunalijua vizuri. Mtu huweza kuwa si kitu kwao, na akivuka mpaka tu watu wakamwona.

Huko California nako alikutana na bango la uwanja wa Pasadena Winter Garden lililoeleza kwamba wateja wa rangi hawatakiwi. Mabel na watu wake hawakuondoka kimya. Walitengeneza mabango yao, wakayapeleka kwenye vituo vya mabasi na shule, na habari zikafikishwa magazetini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionekana pia katika kipindi cha televisheni cha Los Angeles kilichoonyesha michezo ya barafu, wakati ambapo sura nyeusi kwenye televisheni ilikuwa jambo la kuitana majirani.

Hata hivyo, kazi iliyomfanya akumbukwe haikuwa maonyesho bali ualimu.

DARASA LISILOFUKUZA MTU

Mabel alianza kufundisha, na aliwafundisha wa kila aina. Walikuwemo watoto wa watu maarufu wa Hollywood, ambao wazazi wao walilipa vizuri. Walikuwemo pia watoto weusi, watoto wenye asili ya Asia na watoto wa Kizungu wasio na uwezo, ambao mara nyingi hakuwadai ada. Fedha ya wenye nacho ilisaidia kumweka barafuni asiye nacho. Mtoto akishaingia, Mabel alimfundisha kuanguka, kuinuka, na kurudia.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Atoy Wilson, kijana mweusi wa Los Angeles. Katikati ya miaka ya 1960 Mabel alibishana na wakubwa wa klabu za mji huo mpaka zikaanza kuwapokea wanafunzi wake. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amefikisha miaka 50, umri ambao uanachama huo haungemfaa tena kitu kama mshindani. Mwaka 1966 Atoy Wilson alishinda ubingwa wa taifa wa wavulana wa daraja la wanaoanza ushindani, akiwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji la taifa la Marekani katika mchezo huo.

Baada yake alifuata Richard Ewell, aliyetwaa ubingwa wa taifa wa vijana wanaume mwaka 1970. Miaka 2 baadaye, mwaka 1972, Ewell na mwenzake Michelle McCladdie, naye mweusi, walishinda ubingwa wa vijana kwa jozi. Wote wawili walipita mikononi mwa Mabel.

Halafu kuna kisa ambacho watelezaji wa Marekani hukisimulia hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mabel alihitaji watoto wawili wa kuteleza pamoja katika onyesho. Akamchukua msichana wa miaka 8, Tai Babilonia, na mvulana wa miaka 10, Randy Gardner, akawaambia washikane mikono. Watoto hao walioneana haya hata kutazamana. Lakini mikono iliyoshikanishwa siku hiyo haikuachana. Mwaka 1979 Babilonia na Gardner, wakiwa chini ya mwalimu mwingine, walikuwa mabingwa wa dunia wa jozi. Babilonia, mwenye damu ya weusi na ya Kifilipino, alisimama mahali ambapo mwalimu wake wa mwanzo hakuruhusiwa hata kupajaribu.

Mwaka 1986 Mmarekani mweusi Debi Thomas alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake. Mwaka 1988 kule Calgary, Kanada, akapata medali ya shaba na kuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda medali katika Olimpiki ya majira ya baridi. Haikuwa bahati. Mlango aliopitia ulikuwa umesukumwa kwa miaka 50 na watu kama Mabel Fairbanks.

Heshima ilimfikia akiwa mzee. Mwaka 1997 aliingizwa katika ukumbi wa watu mashuhuri wa chama cha mchezo huo nchini Marekani, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuingia humo. Ni mchezo ule ule uliomnyima mtihani, ukamnyima klabu, ukamnyima mashindano. Mwaka huo huo aligunduliwa kuwa na maradhi ya kudhoofisha misuli. Tarehe 29 Septemba 2001 alifariki dunia huko Burbank, California, kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 85. Miaka 20 baadaye, mwaka 2021, chama hicho kilianzisha mfuko wenye jina lake wa kuwasaidia watelezaji weusi na wengine wa jamii zilizoachwa nyuma.

TURUDI DUBAI

Sasa tumrudie mzee wetu wa Tanga na swali lake. Je, barafu ni ya nani?

Nchi hii tunayoishi ina jibu lake. Zahra Lari, binti wa Imarati, alishindana nchini Italia mwaka 2012 akiwa amevaa hijabu, na waamuzi wakampunguzia pointi kwa sababu ya vazi hilo. Alilipeleka suala hilo kwa wakubwa wa mchezo, akaendelea kushindana na hijabu yake. Kwetu Afrika Mashariki nako, uwanja wa barafu ulifunguliwa Nairobi mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Kutoka kwenye barafu hiyo ndogo ikazaliwa timu ya Kenya ya magongo ya barafu, inayojiita Ice Lions, yaani Simba wa Barafu.

Kwa hiyo barafu haina mwenyewe. Wenye kujifanya wenyewe ni wale wanaosimama mlangoni.

Watoto wetu wanaingia kwa tiketi kama watoto wengine. Kwenye mstari ule wa wanaoanza wamo Wahindi, Wafilipino, Warusi, Waarabu na wa kwetu, na barafu huwaangusha wote sawasawa. Hawajui kuwa kuna mtu alirudi kwenye dirisha la tiketi mara nyingi ili jambo hilo lionekane la kawaida. Si lazima wajue leo, wana kazi ya kutosha ya kusimama. Sisi wazazi ndio tunaopaswa kujua, ili tusije kuwafungia watoto wetu kwa maneno yetu mlango ambao wengine waliufungua kwa taabu. Mtoto akiambiwa nyumbani kwamba jambo fulani si letu, hahitaji tena mlinzi wa kumfukuza.

Nilimsimulia mzee kisa hiki Jumamosi iliyopita ndani ya metro, tukirudi. Alisikiliza bila kunikatiza. Alichouliza ni kimoja tu, kama huyo mama alilipwa kwa kuwafundisha watoto wa maskini. Nilimjibu kuwa mara nyingi hakulipwa. Akanyamaza kuanzia Jabal Ali mpaka tulipokaribia kushuka, mjukuu wake amemlalia begani na mfuko wa soksi mapajani. Kisha akasema kwamba glavu za mtoto zimetoboka, na kabla ya Jumamosi ijayo atamnunulia nyingine.